Kutia masasisho ndani ya imeji ya Windows: pakua mara moja, sakinisha kote

Kompyuta imetoka kusakinishwa sasa hivi. Mtumiaji anaingia, na hata kabla hajafungua faili lake la kwanza Windows imeshaanza kuvuta masasisho: inapakua, inajizima, inajiwasha, inapakua tena. Kwa mashine moja hiyo ni kero ndogo. Kwa mashine 60 zinazosakinishwa ndani ya wiki moja ni balaa, maana laini ya intaneti inabeba kitu kile kile mara 60. Tuseme kila mashine inavuta gigabaiti 2 tu. Hizo ni gigabaiti 120, na 118 kati yake hazikuwa na haja ya kupita.

Chanzo chake ni kwamba imeji iliyotumika kusakinisha, yaani faili lililobeba Windows nzima kabla haijasakinishwa, ni ya zamani. Dawa ni kuifungua imeji hiyo bila kuiwasha, kuitia masasisho kutoka kwenye mafaili yaliyopakuliwa mara moja, kisha kuifunga. Hapa nitakaa zaidi kwenye Windows 11 na DISM, ile programu ya mstari wa amri inayokuja na Windows yenyewe. Wa Linux nao wana fungu lao chini.

Anza na imeji ya asili kila mwezi

Hili nalitanguliza kwa sababu ndilo linalokosewa sana. Watu huchukua imeji waliyoisasisha mwezi uliopita, wakaitia sasisho la mwezi huu juu yake, wakidhani wanaokoa upakuaji. Hawaokoi chochote. Sasisho kuu la kila mwezi la Windows ni limbikizi: ndani yake mna marekebisho yote ya miezi ya nyuma. Ukilitia kwenye imeji ya asili au kwenye imeji ya mwezi jana, faili unalopakua ni lile lile. Tofauti ni kwamba imeji iliyorundikiwa mwezi juu ya mwezi inavimba, inabeba mabaki ya matoleo yaliyopitwa, na siku ikiharibika hujui ni mwezi gani ulioiharibu.

Kwa hiyo imeji ya asili, ile iliyotoka kwenye ISO (faili lenye diski nzima ya usakinishaji), haiguswi. Iweke mahali pa kusoma tu. Kila mwezi unatoa nakala, unafanya kazi kwenye nakala.

Kuna jambo moja la kulitazama. Kama unaongeza lugha nyingi au vipengele vya hiari, kazi hiyo ichukulie kama hatua ya pekee: tengeneza imeji ya kati yenye asili pamoja na lugha na vipengele, bila sasisho limbikizi, kisha hiyo ndiyo iwe mwanzo wako wa kila mwezi. Lugha huingia kabla ya sasisho limbikizi. Ukiziongeza baadaye itabidi ulitie sasisho upya, kwa sababu mafaili ya lugha yaliyoingia ni ya toleo la zamani.

Maandalizi

Unahitaji kompyuta moja ya kazi yenye diski ya NTFS na nafasi ya kutosha; gigabaiti 60 zilizo wazi hazitakubana. Imeji na folda za kupachikia, yaani za kuifungulia imeji, ziwe kwenye diski ya ndani, si kwenye folda ya mtandao. DISM utakayotumia isiwe ya zamani kuliko imeji unayoifungua. Kama kompyuta yako ya kazi bado ni Windows 10 na imeji ni Windows 11, sakinisha Windows ADK, mkoba wa zana za Microsoft za usakinishaji, na uendeshe DISM iliyomo humo. Na kabla ya yote mwambie mlinzi wa virusi aache kukagua folda ya kupachikia. Asipoachishwa, kazi itakwenda kwa kujikokota, na mwisho wake imeji itagoma kufungwa.

Folda zangu huwa hivi, nawe panga upendavyo:

```
D:\Imeji\asili
D:\Imeji\kazi
D:\Imeji\tayari
D:\Viraka\lcu
D:\Viraka\dotnet
D:\Viraka\safeos
D:\Viraka\setup
D:\Pachika\os
D:\Pachika\re
```

Folda ya Viraka ndiyo ghala. Kila kinachotoka intaneti kinaingia humo mara moja, na hakuna mashine nyingine inayokwenda kukifuata nje.

Hatua ya 1: toa toleo unalohitaji tu

ISO ya Windows hubeba matoleo mengi ndani ya faili moja la install.wim: Home, Pro, Education na ndugu zake. Kila toleo lina namba yake, na kila namba hupachikwa na kusasishwa peke yake. Kama ofisi nzima inatumia Pro, kusasisha matoleo mengine kumi ni kupoteza mchana. Angalia namba kwanza:

```
dism /Get-ImageInfo /ImageFile:E:\sources\install.wim
```

Kisha toa ile unayoitaka. Tuseme Pro ni namba 6:

```
dism /Export-Image /SourceImageFile:E:\sources\install.wim /SourceIndex:6 /DestinationImageFile:D:\Imeji\asili\install.wim
```

ISO nyingine zina install.esd badala ya install.wim. Amri ni ile ile, ongeza tu `/Compress:max` mwishoni, utapata WIM inayoweza kupachikwa. Faida nyingine ya kutoa kwa njia hii ni kwamba faili jipya halina alama ya kusoma tu. Ukinakili install.wim moja kwa moja kutoka kwenye DVD au ISO, alama hiyo huja nayo, na DISM itakukatalia kwa kosa 0xc1510111. Likikutokea, ondoa alama kwa `attrib -r`.

Hatua ya 2: jaza ghala

Mafaili yanatoka Microsoft Update Catalog, tovuti ya Microsoft ya masasisho. Sasisho la usalama la kila mwezi hutolewa Jumanne ya pili ya mwezi. Yale ya majaribio yanayofuata baadaye mwezi huo huo usiyaingize kwenye imeji. Yaliyomo yataingia kwenye sasisho la mwezi unaofuata. Mimi pia siikimbilii Jumanne yenyewe. Nasubiri siku chache nione kama kuna malalamiko, kwa sababu imeji mbovu inasambaza ubovu kwa kila mashine inayoigusa.

Unachukua mafaili ya aina nne. La kwanza ni sasisho limbikizi la mfumo (LCU). La pili ni sasisho limbikizi la .NET Framework, ambalo lina namba yake ya KB (namba ambayo Microsoft hulipa kila sasisho) na halimo ndani ya la kwanza. La tatu ni sasisho la mazingira ya uokoaji, linaloitwa Safe OS Dynamic Update. La nne ni la programu ya usakinishaji yenyewe, Setup Dynamic Update. Watu wengi huchukua la kwanza wakaondoka, halafu wanashangaa kwa nini mashine mpya bado inapakua.

Kuna mtego kuanzia Windows 11 toleo la 24H2. Microsoft ilianza kutoa masasisho ya kituo (checkpoint): sasisho moja linakuwa msingi mpya, na yanayolifuata yanabeba tofauti tu tangu kituo hicho. Kituo cha kwanza kilikuwa KB5043080 cha Septemba 2024, kilichoipeleka Windows kwenye 26100.1742. Maana yake, faili la mwezi huu peke yake laweza lisitoshe kwa imeji iliyo nyuma ya kituo. Weka kituo na faili la mwezi huu ndani ya folda moja, na humo pasiwe na MSU (faili la sasisho) nyingine yoyote. Unapotoa amri unataja faili la mwezi huu tu; DISM italiona la kituo lenyewe na kulianza. Kituo unakipakua mara moja na kukaa nacho. Kila mwezi unachobadilisha kwenye folda hiyo ni faili moja.

Kuna na nafuu. 24H2 na 25H2 zinatumia msingi mmoja, na sasisho limbikizi ni la KB ile ile kwa zote mbili. Mwenye imeji za matoleo hayo mawili hana haja ya kuweka ghala mbili. Ila angalia aina ya kichakato: x64 na arm64 zina KB moja lakini mafaili tofauti.

Kwa upakuaji wenyewe, kama laini inakatika katika, usitegemee kivinjari. Nakili kiungo cha faili, kisha kwenye PowerShell:

```
Start-BitsTransfer -Source "kiungo" -Destination D:\Viraka\lcu\
```

BITS, huduma ya upakuaji ya Windows, ikikutana na kukatika kwa muda husubiri na kuendelea ilipoachia, badala ya kuanza upya. Kwa faili la gigabaiti kadhaa hilo si jambo dogo.

Faili likifika, lihakiki. Majina ya mafaili ya Catalog yanaishia na herufi na tarakimu 40 baada ya mstari wa chini. Hiyo ni alama ya SHA-1 ya faili lenyewe. Endesha hii na ulinganishe:

```
certutil -hashfile D:\Viraka\lcu\jina-la-faili.msu SHA1
```

Zikifanana, faili limefika zima. Zisipofanana, lipakue tena sasa, kuliko kuja kugundua baada ya saa nzima ya kupachika.

Hatua ya 3: pachika

Nakili imeji ya asili kwenda folda ya kazi, kisha:

```
dism /Mount-Image /ImageFile:D:\Imeji\kazi\install.wim /Index:1 /MountDir:D:\Pachika\os
```

Folda ya kupachikia lazima iwe tupu. Amri ikimaliza, fungua D:\Pachika\os kwa kawaida tu, utaona Windows nzima imelala humo: Program Files, Users, Windows. Usibadilishe kitu kwa mkono, na kama umefungua folda hiyo kwenye dirisha lolote ulifunge kabla ya kuendelea.

Hatua ya 4: mazingira ya uokoaji, ambayo wengi huyaruka

Ndani ya imeji kuna imeji nyingine ndogo, winre.wim, inayowaka pale Windows inapogoma. Sasisho limbikizi unalolitia kwenye mfumo mkuu haliigusi. Kuiacha ni hatari ya kweli: udhaifu CVE-2022-41099 uliruhusu mtu mwenye mashine mkononi kuipita BitLocker, ule ufungaji wa siri wa diski, kupitia mazingira hayo, na kusasisha Windows peke yake hakukuziba tundu.

Itoe kwanza. Huwa imefichwa, ndiyo maana ya `-Force`. Amri hizi ziendeshe kwenye PowerShell:

```
Copy-Item D:\Pachika\os\Windows\System32\Recovery\winre.wim D:\Imeji\kazi\ -Force
dism /Mount-Image /ImageFile:D:\Imeji\kazi\winre.wim /Index:1 /MountDir:D:\Pachika\re
dism /Image:D:\Pachika\re /Add-Package /PackagePath:D:\Viraka\lcu\faili-la-mwezi.msu
dism /Image:D:\Pachika\re /Add-Package /PackagePath:D:\Viraka\safeos\faili.cab
dism /Image:D:\Pachika\re /Cleanup-Image /StartComponentCleanup /ResetBase
dism /Unmount-Image /MountDir:D:\Pachika\re /Commit
```

Amri ya kwanza ya `/Add-Package` hapo lengo lake ni injini ya masasisho iliyomo ndani ya sasisho limbikizi. Marekebisho ya uokoaji yenyewe yanaletwa na faili la Safe OS. Ikikutolea kosa 0x8007007e, endelea. Hata skripti ya mfano ya Microsoft inalipuuza kosa hilo mahali hapo.

Baada ya kuipachua, itoe upya kwa `/Export-Image` ili ipungue, kisha irudishe palepale ilipotoka. Ukubwa wake una maana. Januari 2024 sasisho KB5034441 liligoma kwa watu wengi kwa kosa 0x80070643, na sababu kubwa ilikuwa hii: partisheni ya uokoaji ilikuwa finyu. Kama skripti yako ya usakinishaji ndiyo inayogawa diski, ipe partisheni hiyo nafasi ya kupumua. Mimi natenga gigabaiti nzima, na sijawahi kuijutia.

Hatua ya 5: mfumo mkuu

Mpangilio hapa una sababu, usiupindue: sasisho limbikizi kwanza, usafishaji wa pili, .NET mwisho.

```
dism /Image:D:\Pachika\os /Add-Package /PackagePath:D:\Viraka\lcu\faili-la-mwezi.msu
dism /Image:D:\Pachika\os /Cleanup-Image /StartComponentCleanup /ResetBase
```

Amri ya kwanza huchukua muda. Asilimia itakwama mahali fulani na utadhani imekufa, iache. Hiyo ya pili inaondoa matoleo ya zamani ya vipengele vilivyobadilishwa, na `/ResetBase` inafanya masasisho yaliyoingia yasiweze kuondolewa tena. Kwenye kompyuta ya mtu ningesita kuitumia. Kwenye imeji sioni hasara, maana imeji ikikosea unarudi kwenye asili.

Baada ya usafishaji ndipo .NET. Kama kuna programu zinazohitaji .NET 3.5, iwashe sasa kutoka kwenye ISO, la sivyo kila mashine itakwenda kuifuata Microsoft siku ya kwanza inapohitajika:

```
dism /Image:D:\Pachika\os /Enable-Feature /FeatureName:NetFx3 /All /LimitAccess /Source:E:\sources\sxs
dism /Image:D:\Pachika\os /Add-Package /PackagePath:D:\Viraka\dotnet\faili.msu
```

Kwa nini .NET isitangulie usafishaji? Kwa sababu kuiwasha 3.5 kunaacha shughuli zinazosubiri Windows iwake ndipo zikamilike, na DISM haisafishi imeji yenye shughuli zinazosubiri. Utapata kosa 0x800f0806 na kubaki unalikodolea macho.

Hatua ya 6: pachua, punguza, kagua

```
dism /Unmount-Image /MountDir:D:\Pachika\os /Commit
dism /Export-Image /SourceImageFile:D:\Imeji\kazi\install.wim /SourceIndex:1 /DestinationImageFile:D:\Imeji\tayari\install.wim
dism /Get-ImageInfo /ImageFile:D:\Imeji\tayari\install.wim /Index:1
```

Usiiruke hiyo ya katikati. Kusafisha kunaondoa mafaili kwenye orodha ya imeji, lakini faili la WIM lenyewe halipungui mpaka uitoe kwenda faili jipya. Ya tatu itakuonyesha Version na ServicePack Build. Tarakimu za mwisho zilingane na zile Microsoft ilizotangaza kwa KB uliyotia. Zisipolingana, sasisho halikuingia hata kama skrini ilisema operesheni imefanikiwa.

Kama unasakinisha kwa flashi ya FAT32, kumbuka haipokei faili la kuanzia gigabaiti 4. Ligawanye:

```
dism /Split-Image /ImageFile:D:\Imeji\tayari\install.wim /SWMFile:D:\Imeji\tayari\install.swm /FileSize:3800
```

Programu ya usakinishaji inayatambua mafaili ya SWM yenyewe ukiyaweka kwenye folda ya sources, mradi usiache na install.wim humo.

Hatua ya 7: boot.wim na folda ya sources

Boot.wim ina namba mbili: 1 ni WinPE tupu (Windows ndogo ya kuwashia), 2 ni ile inayoendesha usakinishaji. Zote zinasasishwa kwa sasisho limbikizi lile lile kutoka ghalani, kwa kupachika na kupachua kama ulivyofanya. Ukimaliza namba 2, kabla ya kuipachua, nakili setup.exe na setuphost.exe kutoka ndani yake kwenda folda ya sources ya media yako. Yakipishana matoleo, usakinishaji unaweza kukwama. Lile faili la Setup Dynamic Update nalo unalifungua kwa `expand` na kumwaga yaliyomo kwenye sources. Lifungue kwanza, kisha nakili hayo mawili ya setup juu yake.

Mafaili ya kuwashia nayo yasasishwe. Tangu kirusi cha BlackLotus na udhaifu CVE-2023-24932, Microsoft imekuwa ikiyafungia mafaili ya zamani ya kuwashia kwenye Secure Boot, ulinzi unaokagua kinachoiwasha mashine. Mashine iliyowekewa marufuku hiyo haitakubali flashi yenye faili la zamani. Kama unasakinisha kupitia mtandao kwa WinPE yako mwenyewe, hiyo nayo ni imeji, na inaingia kwenye orodha ya kazi ya kila mwezi.

Ikigoma

0x800f081e maana yake pakiti haihusiani na imeji. Tisa kwa kumi umechukua ya arm64, au ya toleo jingine la Windows, au kituo hakimo kwenye folda. 0xc1420127 inasema imeji tayari imepachikwa mahali. Ulizia kwa `dism /Get-MountedImageInfo`. 0xc1420117 inakuja wakati wa kupachua: kuna kitu kimeshikilia folda, aghalabu dirisha lililo wazi au mlinzi wa virusi. Funga kila kitu ujaribu tena. Ikishindikana kabisa, `/Unmount-Image` yenye `/Discard`, kisha `dism /Cleanup-Mountpoints`, na uanze na nakala mpya ya asili. Kupoteza saa moja kuna nafuu kuliko kusambaza imeji uliyoilazimisha kufungika.

Jaribu kabla ya kusambaza

Sakinisha kwenye mashine ya kubuni (virtual machine), bila intaneti. Ikishafika kwenye eneo-kazi, iunganishe, fungua Windows Update na ubonyeze kutafuta masasisho. Orodha itakayotokea ndiyo hukumu ya kazi yako. Sasisho limbikizi likijitokeza, umekosea mahali. Likijitokeza la .NET, ulisahau hatua ya 5. Kitakachobaki kihalali ni vitu ambavyo DISM haivifikii vizuri, navyo si vichache.

Cha kwanza ni Defender, kinga ya virusi ya Windows. Imeji iliyotoka kwenye ISO ina kinga ya siku ISO ilipotengenezwa. Microsoft hutoa pakiti maalumu ya Defender kwa ajili ya imeji za usakinishaji, pamoja na skripti ya PowerShell ya kuitia. Hiyo haitazuia upakuaji wa kila siku, lakini mashine haitakuwa uchi saa zake za kwanza.

Cha pili ni programu za Store zilizokuja na Windows: Picha, Kikokotoo na nyingine. Hizi hujisasisha zenyewe mtumiaji anapoingia, na jumla yake si haba. Kinachosumbua hapa ni kwamba mtu huitazama laini ikijaa na kulaumu imeji, kumbe sasisho la mfumo liko sawa. Cha tatu ni draiva. Zile za mtandao na za diski zitie kwa `/Add-Driver` yenye `/Recurse`. Za kadi za video ziache, ni nzito na zinabadilika mno. Office ya kisasa nayo ina njia yake: pakua chanzo chake mara moja kwa Office Deployment Tool, kiweke kwenye folda ya mtandao, na kila mashine isakinishe kutoka hapo.

Kwa hivyo vinavyobaki, na kwa masasisho ya miezi ijayo, kinachosaidia ni Delivery Optimization, ambayo tayari imo ndani ya Windows. Mashine moja inavuta kutoka nje, nyingine zinachukua kwake kwa vipande, na inahudumia programu za Store pia. Weka sera ya Download Mode kuwa 1 kwa mashine zilizo nyuma ya anwani moja ya intaneti, au 2 kama unataka kuzigawa kwa makundi, na hakikisha lango la TCP 7680 halijazibwa kati ya mashine na mashine. Baada ya wiki moja endesha `Get-DeliveryOptimizationPerfSnap` kwenye mashine mbili tatu uone ni kiasi gani kimetoka kwa wenzao. Ikisomeka sifuri kote, mara nyingi ni ukuta wa moto, au mpangilio wa Wi-Fi unaozuia mashine zisionane.

WSUS, seva ya Microsoft ya kugawa masasisho ofisini, nayo bado inafanya kazi, na imo kwenye Windows Server 2025, ingawa Septemba 2024 Microsoft ilitangaza kwamba haitaongezewa vipengele vipya. Aliye nayo asiivunje. Achague tu bidhaa alizonazo kweli na aachane na aina ya draiva, la sivyo ghala lenyewe litakuwa ndilo linalokausha laini.

Kuna swichi moja ya kuijua unapopandisha mashine iliyopo kwenda toleo jipya badala ya kusakinisha upya. Programu ya usakinishaji kwa kawaida huenda mtandaoni kutafuta masasisho katikati ya kazi, hata kama imeji yako ni ya jana. Mwambie aache sasisho limbikizi:

```
setup.exe /auto upgrade /DynamicUpdate NoLCU
```

Upande wa Linux

Huku kazi ni nyepesi, kwa kuwa pakiti ni ndogo na ghala la kati ni jambo la kawaida. Kwa Debian na Ubuntu sakinisha apt-cacher-ng, programu ya kutunza pakiti zilizokwisha kupakuliwa, kwenye seva moja. Inasikiliza kwenye lango 3142. Imeji unayoijenga ielekeze huko kwa mstari mmoja ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/:

```
Acquire::http::Proxy "http://10.0.0.5:3142";
```

Kisha, bila kuiwasha imeji:

```
virt-customize -a debian.qcow2 --update --run-command 'apt-get clean'
virt-sysprep -a debian.qcow2
virt-sparsify --compress debian.qcow2 debian-tayari.qcow2
```

Mara ya pili ukijenga imeji nyingine, pakiti zile zile zinatoka ghalani. Mradi hazina za pakiti zinaitwa kwa http na si https, kwa sababu trafiki iliyofungwa kwa https ghala haliwezi kuiona wala kuitunza. Usiogope http hapa: apt inahakiki orodha za pakiti kwa saini ya GPG, na kila pakiti kwa alama yake iliyomo kwenye orodha hizo.

Kabla ya kuifunga imeji, amua kuhusu ule mstari wa Proxy. Kama mashine zitaishi kwenye mtandao huo huo, uache. Kama zinakwenda kwingine, ufute, maana zitaitafuta 10.0.0.5 isiyokuwepo na `apt update` haitafanya kazi hata siku moja. Na machine-id, namba ya kuitambulisha mashine, iwe tupu. Virt-sysprep inaishughulikia, lakini itazame kwa macho. Imeji yenye machine-id iliyojazwa huzaa mashine pacha, na kwenye mitandao mingine pacha hao hupewa anwani moja na DHCP.

Utunzaji wa ghala

Weka imeji mbili tu zilizo tayari: ya mwezi huu na ya mwezi uliopita. Ya mwezi uliopita ni ya kurudia pale sasisho jipya linapovuruga kitu. Faili la sasisho limbikizi la zamani lifute mara imeji mpya inapopita majaribio, kwanza kwa ajili ya nafasi, pili kwa sababu MSU ya ziada kwenye folda ile inaichanganya DISM. Vituo usivifute. Na kando ya kila imeji weka faili la maandishi lenye jina lile lile: tarehe, namba za KB zilizotiwa, tarakimu za toleo, na alama ya SHA-256 ya imeji yenyewe. Mtu akikupigia simu kwamba mashine mpya inapakua gigabaiti 3, utafungua faili hilo kwanza, na mara nyingi utakuta alisakinisha kwa flashi ya tangu mwaka jana iliyosahaulika kwenye mtoto wa meza.